Mnara wa Namba Kumi na Tisa

Anayetaka kujua wazimu unaanzaje na aje achonge picha ya mji kwa amri ya mameya wanne. Mimi Hillegond, mjane wa Symen mchongaji, niliifanya kazi hiyo kwa miezi saba katika mji wetu wa Ameldrecht. Nilikonda, niligombana na mtaa mzima, na nikajionea watu wazima wenye ndevu na kola za lesi wakigombea namba kama watoto wanavyogombea ukoko.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Bamba moja la shaba, refu kuliko mkono wangu, na juu yake mji mzima kama unavyouona ukisimama ng'ambo ya mto: kuta, malango, mapaa, vinu vya upepo, meli kwa mbele. Juu nembo yetu, samaki wawili na ufunguo. Chini orodha ya namba na majina, ili mtu wa mbali ajue kipi ni kipi. Namba ishirini na nne, safu tatu za nane nane. Jirani zetu wa Bovenwaard walikuwa wametoa picha yao mwaka uliotangulia, na mnara wao ulikuwa mrefu hata ncha yake imeingia kwenye mawingu. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Sisi mnara hatuna. Tuna kisiki. Babu zetu waliuanza, ukafika kimo cha nyumba tatu, ardhi ikaanza kudidimia upande mmoja, wakaufunika kwa mbao wakasema wataendelea baridi ikipungua. Hiyo ni miaka sitini na miwili iliyopita. Njiwa wanaishi humo kwa raha zao.

Meya mkubwa, Dirck Houttuyn, akaja mwenyewe dukani kwangu. Akasimama karibu na mtambo wa kuchapia, koti ameliinua lisiguse wino.

"Bi Hillegond, mnara utauchora utakavyokuwa."

"Utakavyokuwa lini, Mheshimiwa?"

"Utakavyokuwa ukishakuwa."

Nikauchora. Na nisijifanye nilichukia, kwa kweli niliupenda. Niliupa ngazi tatu za nguzo, saa, kibanda cha mlinzi cha kutazamia moto, na juu kabisa jogoo wa shaba. Wiki tatu nzima nilikaa nao, nikichonga kinyumenyume kama kazi hii inavyotaka, ili ukichapwa ukae sawa. Sijawahi kuchonga kitu kizuri kama kile, wala marehemu mume wangu hakuwahi, Mungu amrehemu, maana alikuwa na mkono mzito.

Nikamwonyesha Meya. Akatazama, akatabasamu, kisha akauliza, "Na namba yake?"

"Namba ya kanisa ipo, Mheshimiwa. Mnara ni wa kanisa."

"Mnara wa Bovenwaard una namba yake peke yake."

"Namba zimejaa. Ishirini na nne. Nikiweka ya ishirini na tano itabidi niwasogeze samaki."

"Samaki hawasogezwi!" Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye orodha. "Hii kumi na tisa ni nini? Nyumba ya wajane? Wale vikongwe wa Lango la Mto? Nani anaijua hiyo? Toa hiyo."

Sasa hapa ndipo ninapojilaumu, na sitaki mtu anitetee. Katika nyumba ile ya wajane anakaa Shangazi Wendelmoet, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Nilipaswa kusema hapana. Lakini ulikuwa mwezi wa saba wa kazi ile, tayari nilikuwa nimekibadilisha kiwanda cha bia mara tano na mti wa kunyongea mara tatu, kwa sababu Meya mmoja aliuona mfupi na mwingine aliuona mtupu. Nilichoka. Nikasema, "Sawa, Mheshimiwa." Nikaligonga bamba kwa nyuma ili shaba iinuke, nikalisugua kwa mbele mpaka nyumba ikapotea, nikaifunika kwa tanga la meli. Namba kumi na tisa nikaandika: Mnara.

Mji ukafurahi, nisikudanganye. Kila mwokaji, kila kinyozi, kila mwenye duka la jibini aliitundika picha ukutani. Watu walisimama chini ya kile kisiki, wakatazama juu penye hewa tupu, wakasema, "Mnara wetu." Moja ikabandikwa katika ofisi ya karani.

Novemba ikaja na mashua za matofali ya kinamasi. Kuni sisi hatuna. Tunachokichoma ni udongo wa kinamasi uliokaushwa, na bila huo mtu mzee haioni Februari. Mji huwapa wajane vikapu vyao kila mwaka, ni ahadi ya tangu nyumba ile ijengwe. Mwaka huo mashua ikapita Lango la Mto bila kusimama.

Wiki mbili baadaye Shangazi akaja dukani kwa miguu, mikono ameiingiza kwapani. Ana miaka sabini na sita. Ni Mmenonaiti, Mkristo wa dhehebu linalokataza viapo, wa wale wa zamani kabisa, hadanganyi, haapi, havai hata kifungo kinachong'aa.

"Hillegond, mwanangu, wametusahau."

"Hawajasahau, Shangazi. Ni uzembe. Kaa hapa kwenye moto, mimi nakwenda."

"Nitakaaje kwenye moto na wenzangu kumi wanatetemeka?" Akageuka akarudi zake.

Nikaenda kwa Karani Floris. Ni kijana msafi wa miaka thelathini, kila kalamu yake imelala upande mmoja.

"Bwana Karani, hamjapeleka matofali nyumba ya wajane."

"Nyumba gani?"

"Ya Lango la Mto. Umezaliwa mtaa wa nyuma yake, Floris, usinitanie."

Akafungua daftari, akalamba kidole. "Kumi na nane, nyumba ya yatima. Kumi na tisa, mnara. Ishirini, hospitali. Haipo, Bi."

"Mwaka jana ilikuwepo!"

"Mwaka jana orodha ilikuwa ya marehemu mzee Pauwels, mwandiko kama kuku kapita. Mimi nimeandika upya, kwa mpangilio."

"Umenakili wapi?"

Akanyoosha kalamu ukutani. Picha yangu. Karatasi yangu, wino wangu, muhuri wa mameya wanne kwenye pembe.

"Kila penye pa kuwasha moto nimepangia vikapu," akasema. "Kwa namba."

"Ngoja. Na mnara umeupelekea?"

"Vikapu arobaini. Kwa chumba cha mlinzi."

"Mlinzi yupi?"

"Hajateuliwa."

"Chumba kipi?"

"Cha juu."

"Floris! Toa kichwa dirishani utazame huo mnara!"

Hakutoa. Akafunga daftari taratibu. "Bi Hillegond, mimi sichori. Mimi nanakili. Na aliyechora ni wewe."

Vikapu arobaini vya moto vilikuwa vimerundikwa chini ya kisiki, vimefunikwa turubai, vinangoja mtu asiyekuwepo apande navyo mahali pasipokuwepo. Nilipita hapo nikalipiga teke lile turubai. Halikusaidia kitu, liliniumiza kidole.

Siku tatu baadaye nilimkuta Meya mezani, anakula samaki wa heringi na vitunguu, mkewe anamimina bia. Nikaeleza yote. Akanisikiliza vizuri, nitampa haki yake.

"Pole kwa shangazi yako," akasema. "Lakini picha imeshakwenda Hague. Imekwenda Bovenwaard pia. Ukiongeza namba, fremu inaharibika. Ukitoa namba, utatoa ipi?"

"Toeni mnara."

Mkewe akaacha kumimina. Meya akaweka uma chini.

"Unajua Bovenwaard watatucheka mpaka lini?"

"Mheshimiwa, wanawake kumi na mmoja wanaganda."

"Basi tufanye hivi." Akafikiri, uso ukamng'aa. "Vikapu vya mlinzi vipo. Mlinzi hayupo. Tumwapishe shangazi yako awe mlinzi wa mnara! Anaapa mara moja tu, anachukua vikapu arobaini, anagawana na wenzake. Kila mtu yuko radhi."

Nami, kwa ujinga wangu, nikaona ni akili kubwa. Nikaenda mbio Lango la Mto. Wajane walikuwa wamejikusanya chumba kimoja, wote kumi na mmoja, wamejifunika mablanketi, wanakula uji wa maziwa uliopoa. Vikapu viwili nilivyowanunulia mimi juzi yake vilikuwa vimekwisha, na sokoni hakukuwa na zaidi, mashua zote zilikuwa zimeshauza. Nikamweleza Shangazi habari ya kiapo. Akanitazama kama nimemwambia akaibe.

"Niape kwamba nini?"

"Kwamba utaulinda mnara."

"Mnara gani?"

"Shangazi, ni maneno tu."

"Mimi maneno tu sina. Ninayo ya kweli, machache, yananitosha."

"Basi usiape, useme ndiyo peke yake. Nitawaomba wakubali."

"Ndiyo kwa lipi? Wasimame wao kwanza waseme mnara haupo. Wakisema, mimi nitachukua moto wao, na nitawaombea."

"Hawatasema!"

"Basi."

"Basi nini? Basi mfe?"

"Usinipigie kelele, nina miaka sabini na sita." Akavuta blanketi. "Aliyetutoa ni nani, Hillegond? Nimesikia sokoni. Ni wewe?"

Sikupata pa kuyapeleka macho yangu. Nikasema, "Ni mimi, Shangazi."

"Ulikuwa umechoka," akasema, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilirudi nyumbani nasema peke yangu njia nzima. Huku mji hautaki kukubali ukweli mmoja mdogo unaoonwa na kila njiwa, huku mwanamke mmoja hataki kusema uongo mmoja mdogo utakaookoa roho kumi na moja. Mtu wa katikati ndiye mimi. Ningeweza kuwakamata wote kwa masikio nikawagonganisha vichwa, mameya na mashangazi pamoja.

Nikaliteremsha bamba kutoka kwenye rafu, nikachukua nyundo.

Lubbert, mzee anayesukuma mtambo wangu tangu enzi za mume wangu, akaniona. "Unafanya nini, Mama?"

"Naung'oa mnara."

"Mama! Ule mnara!"

"Najua ni ule mnara, Lubbert. Upo mwingine?"

"Bamba ni la mji. Watakufungia duka."

"Wafunge."

Akakaa kwenye kigoda akashika kichwa. Nami nikaligeuza bamba, nikatafuta mahali kwa nyuma, nikapiga. Jogoo alikwenda kwanza. Kisha saa, kisha kibanda cha mlinzi, kisha nguzo moja moja. Siku mbili nilipiga na kusugua, na nilikuwa nalia kwa hasira, maana mkono wangu ulijua ulichokuwa unakiharibu. Penye mnara nikaweka kisiki na mbao zake. Kwenye ukingo wa mto nikalipunguza tanga la meli, nikairudisha nyumba ya wajane, na bomba lake la maji uani, na madirisha kumi na moja. Namba kumi na tisa nikaandika upya: Nyumba ya Wajane.

Tukachapa. Wino ulipokauka nikachukua karatasi moja mpaka kwa Karani Floris.

"Nimekuletea nakala mpya, Bwana Karani. Hiyo yako imeingia moshi wa tumbako."

"Aa! Umefanya vyema, ilikuwa inaniudhi." Akaishusha ya zamani, akabandika mpya, akapima pembe zote nne zikae sawa. Kisha akasogea karibu, akasoma orodha, kwa kuwa Floris picha haangalii, anasoma orodha tu.

"Kumi na tisa imebadilika," akasema.

"Imebadilika."

"Ndiyo maana mlinzi hakuja kuchukua." Akafungua daftari, akafuta mstari kwa rula, akaandika mwingine, akagonga muhuri. "Vikapu arobaini, nyumba ya wajane. Orodha ikishagongwa muhuri haiguswi mpaka Novemba ijayo. Uwaambie wasipoteze vikapu vitupu."

Kabla ya saa sita moto ulikuwa unawaka Lango la Mto. Ningependa hadithi iishie hapo, nami nimekaa kwenye moto, viatu vimekauka. Lakini Lubbert, kwa mazoea, alikuwa ametundika karatasi nyingine dirishani zikauke.

Nilikuta watu wamejaa mlangoni. Nilidhani ni mameya waliowatuma. Wapi! Walikuwa watu wa kawaida kabisa. Mwokaji na unga wake mikononi, muuza samaki, fundi viatu, mwanamke wa jirani anayeniazima sufuria kila Jumamosi.

"Mnara wetu uko wapi, Hillegond?" mwokaji akauliza.

"Nenda kanisani ukautazame!"

"Usinijibu ovyo. Ulikuwepo hapa, na saa yake."

"Na saa ilikuwa haipo vilevile, Barent! Miaka yote unauliza saa kwa nani?"

"Nilimtumia mwanangu picha huko Batavia," akasema muuza samaki. "Nilimwandikia, ona mnara wa kwenu."

"Wewe umeuza mji kwa Bovenwaard!" akapiga kelele fundi viatu, na mtu nyuma yake akarusha kitu. Kilikuwa kichwa cha kabichi, lakini kioo cha dirisha langu hakikujali, kikavunjika.

Meya Houttuyn akaja mchana ule. Nilijiandaa kwa ukali, maneno yangu nikayapanga kama sahani. Hakupayuka. Alisimama mbele ya bamba muda mrefu, koti lake hakulishika, likagusa wino.

"Babu yangu alitoa matofali ya mwanzo ya mnara ule," akasema. "Baba yangu alikufa anasema, mwaka ujao." Akavua miwani, akaifuta. "Orodha ya Floris siwezi kuigusa, na sitaki. Wazee wabaki na moto wao. Lakini wewe si mchongaji wa mji tena. Jumatatu watakuja kulichukua bamba. Tutampa mtu mwingine."

"Na huyo mwingine ataitoa namba ipi?"

Akavaa miwani, akatoka. Nadhani hakujua.

Ijumaa nikaenda Lango la Mto na karatasi moja chini ya shali. Nilitaka angalau mtu mmoja katika mji huu mzima anishukuru. Chumba cha Shangazi kilikuwa na joto, soksi zinaning'inia, sufuria ya mbaazi inatokota, mashavu yake mekundu. Nikamtandikia picha mapajani. Akaisogeza karibu na pua.

"Hii ni sisi?"

"Ni ninyi. Namba kumi na tisa."

Akahesabu madirisha kwa ukucha, moja moja mpaka kumi na moja. "Hili langu," akasema. "Umeweka na pazia." Nikaona amefurahi, nami nikaanza kulegea mabega kwa mara ya kwanza tangu Novemba ianze. Kisha ukucha ukapanda, ukapita mapaa, ukafika kanisani, ukasimama.

"Mnara uko wapi?"

"Shangazi."

"Nauliza."

"Haupo! Haujawahi kuwepo! Si wewe uliyekataa kuapa kwamba upo? Si wewe uliyetaka kuganda?"

"Kuapa ni kuapa, na kuchora ni kuchora. Sikukuuliza kama upo, najua haupo, nilikuwa nawapelekea mkate mafundi walioufunika. Nakuuliza umeupeleka wapi." Akaitazama tena karatasi, akatikisa kichwa. "Nilikuwa nauona kila asubuhi kwa mwokaji. Nikisimama kwenye foleni nautazama mpaka juu kwa yule jogoo. Ulikuwa mzuri, Hillegond. Nilikuwa nawaambia wenzangu, mwanangu ndiye aliyeuchonga."

Nilikuwa sijui kama nimkumbatie au nimtikise. "Sikuwa na pa kuuweka," nikasema. "Namba zimejaa. Miezi saba tumegombana, mimi na mameya wanne. Ukiwekwa mnara mnatoka ninyi, mkiwekwa ninyi unatoka mnara."

Shangazi akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu asiyeamini kwamba alinilea yeye.

"Mnara mkubwa vile unataka namba ya nini? Kwani kuna mtu hatauona?"

Mbaazi zikaendelea kutokota. Kumbe mnara ungekaa bila namba na nyumba ikabaki na yake, na hakuna aliyeliona hilo. Mameya wanne, karani mmoja, na mimi ninayejiita fundi, na kioo changu cha dirisha, na wanawake kumi na mmoja waliotetemeka kwa wiki tatu.

"Utakula?" Shangazi akauliza.

"Siwezi," nikasema, huku nimeshavaa shali. "Jumatatu wanalichukua bamba, na kesho kutwa ni Jumapili, hakuna kazi."

Nikatoka mbio kuelekea dukani, namwita Lubbert tangu kwenye kona.